Wenyeji wa Chemchemi

Ijumaa ile Diana alirudi nyumbani Kimandolu na mifugo yake yote ndani ya ndoo. Nilikuwa uani napaka rangi geti la mteja. Nikainuka kumpokea.

"Lekishon, usinisalimie kwanza," alisema, akipita mlangoni ubavu ubavu. "Nifungulie kabati la jikoni. Taratibu. Usinigonge."

Nikafungua. Akazitoa chupa moja moja na kuzipanga kama mtu anayelaza watoto. Zilikuwa chupa za kioo zenye midomo mipana, zimefunikwa kwa kitambaa chepesi. Ndani mlikuwa na maji yenye rangi ya chai hafifu, na punje ya mchele chini. Ukizitazama hivi hivi, huoni kitu. Ukichukua tone ukaliweka chini ya hadubini, unaona mji mzima uko sokoni.

Mke wangu ni mtafiti wa vinasaba. Majirani wakisikia anaitwa daktari humletea watoto wenye mafua, naye huwaelekeza zahanati. Kazi yake ni kusoma jenomu, yaani maagizo yote ya uhai yaliyomo ndani ya kiumbe, na kiumbe wake ana seli moja tu. Alimpata kwenye chemchemi ya nyumbani kwao, juu ya Kikatiti, pale Mlima Meru unapoanza kuinuka. Alimtafuta Ziwa Duluti, akamtafuta maziwa ya Momela, akamtafuta kwenye mifereji yote ya Tengeru, hakumpata kwingine. Kwa kuwa hakuwa na jina bado, Diana aliwaita wenyeji. "Wenyeji wangu hawajambo?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kila alipoingia maabara.

Wiki ile maabara yao ilikuwa inapuliziwa dawa ya mchwa. Kila mwenye kitu hai aliambiwa akitoe. Ndiyo maana wote, bila kubaki hata mmoja, walikuja kulala jikoni kwetu.

Jioni hiyo hiyo mama yangu akafika kutoka Olasiti na kibuyu cha maziwa ya mgando. Sisi Waarusha mama tunamwita Yeyo, na Diana, ingawa ni Mmeru, humwita hivyo hivyo.

"Shikamoo, Yeyo," Diana alisema, akainamisha kichwa.

"Marahaba, mwanangu." Yeyo akamtemea mate mepesi utosini, baraka ya wazee wetu, kisha akasimama mbele ya kabati, mikono kiunoni. "Hawa ndio ng'ombe zako ninaosikia habari zao?"

"Ndio hawa."

"Wanakula nini?"

"Wanakula bakteria. Bakteria wanakula mchele."

"Wanatoa maziwa?"

"Hawatoi, Yeyo."

"Wanachinjwa?"

Diana akafikiri kidogo. "Nikitaka kusoma kilichomo ndani, inabidi niwapasue. Kwa hiyo ndiyo, wanachinjwa."

"Basi ni ng'ombe wa nyama," Yeyo alisema, ameridhika. "Sasa nimeelewa."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Diana hakucheka. Anapoulizwa kuhusu wenyeji hujibu kwa makini, aulize profesa au aulize Yeyo.

"Kila mmoja ana viini viwili," alimweleza, akimmiminia chai. "Kiini kikubwa ni kama nguo ya shamba. Ndicho cha kazi ya kila siku. Kimekatwa vipande vipande kikashonwa upya, viraka vitupu. Kiini kidogo ni nguo ya kanisani. Kimekunjwa, hakiguswi, kinangoja siku ya ndoa."

"Wanaoana?"

"Wanaoana. Wakishaoana, ile nguo ya shamba inatupwa. Wanachukua nakala ya ile ya kanisani, wanaikata, wanapanga vipande, wanashona nguo mpya ya shamba. Vipande vinakuwa vimechanganyika hovyo, Yeyo, cha mwisho kiko mwanzo, kingine kimegeuzwa nyuma mbele. Lakini hawakosei. Mimi nimeshasoma nguo ya shamba. Sasa nataka kusoma ya kanisani, nizilinganishe, nijue wanajuaje kushona."

"Na mahari?"

"Kila mmoja anampa mwenzake nusu ya alichonacho."

Yeyo akapuliza chai yake. "Hao wana akili kuliko watu wa Olasiti."

Nikamuuliza Diana kwa nini chupa zilikuwa nyingi hivyo. Akasema kile kiini kidogo kina vinasaba vichache mno, hivyo ili asome inambidi awe na kundi kubwa kweli kweli. Ndilo hilo alilolikuza. Wiki ijayo angeanza.

"Na wakifa?" Yeyo aliuliza. Mfugaji lazima aulize hilo.

"Chemchemi imejengewa zege, Yeyo. Mradi wa maji. Hawa ndio waliobaki."

Yeyo akatikisa kichwa polepole, akazitazama zile chupa kwa macho mengine.

Jumamosi Diana alikwenda kumwona rafiki yake aliyejifungua. Mimi nilikuwa karakana. Nachomelea mageti pamoja na Sefu, mtu ambaye mdomo wake hata ukichomelewa utafunguka.

"Eti shemeji ana ng'ombe wasioonekana," alinianza. "Mmepatana. Yeye anafuga ng'ombe wasioonekana, na wewe unatengeneza mageti yasiyofunga."

"Geti langu gani halifungi?"

"La mchungaji."

"La mchungaji limegongwa na gari la mchungaji mwenyewe! Na huyo unayemcheka, Sefu, siku akiandika alichokiona, kitasomwa na watu ambao wewe hata mlinzi wao hatakusalimia."

"Hee! Nimemgusa mke!" Sefu akaruka nyuma, anacheka. "Zima moto, kaka, zima."

Nilirudi nyumbani alasiri. Kabla sijafungua mlango harufu ikanipokea, harufu ya oloirien, mzeituni wa porini unaoteketea taratibu. Ni harufu ya utoto wangu. Ndio mti ambao mama zetu hufukizia vibuyu, wakaingiza kijinga kinachofuka, wakasugua, mpaka kibuyu kinanukia na maziwa hayaharibiki. Nilisimama kizingitini nikavuta pumzi kwa raha. Nakumbuka ile raha vizuri.

Diana alikuwa ameingia muda huo huo kwa mlango wa uani, kanga bado begani. "Nani anachoma nini?"

Yeyo alikuwa jikoni, amekunja mikono ya nguo, uso unang'aa. Chupa zote zilikuwa kabatini kwa mstari, safi, kioo kinameremeta.

"Kaa kwanza, mwanangu, upumzike," alisema. "Nimeona una kazi nyingi, huna msaidizi. Chupa zilikuwa zimeanza kuchacha, zina utelezi ndani. Nikasema, ng'ombe wa mkwe wangu ndio waliobaki, hawawezi kukaa kwenye chombo kichafu. Nikawahamishia wote kwenye sufuria. Sikumwaga hata tone! Nikafukiza chupa moja moja kwa oloirien niliyokuja nayo, nikazisugua, nikawarudisha wote. Hawa sasa hawaharibiki tena."

Diana alichukua tone kwenye chupa ya kwanza, akaenda mezani kwenye hadubini yake ndogo, akainama. Akachukua tone la chupa ya pili. Ya tatu. Yeyo alimfuata kwa macho, tabasamu likimpungua kidogo kidogo, kama taa inayoishiwa mafuta.

"Wamelala?" aliuliza.

"Wamekufa, Yeyo."

"Wote?"

"Moshi ule unaua vidudu. Ndiyo maana maziwa hayaharibiki." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na hawa ni vidudu."

Damu ilinipanda. Nilimgeukia mama yangu. "Yeyo, ni nani alikuambia uguse? Miaka yote hii mtu anahangaika, wewe unakuja siku moja na kijinga chako—"

"Lekishon!" Diana alisimama. Sijawahi kumsikia akiniita vile. "Usimpandishie mama sauti ndani ya nyumba yangu. Aliwatunza kama anavyotunza vya kwake. Wewe uliwahi kuwahamisha bila kumwaga tone?"

Yeyo hakunitazama kabisa. Alikuwa akiangalia mikono yake, ndani na nje, kana kwamba imeletwa na mtu mwingine. Asubuhi yake, kabla hatujaamka kwenda kanisani, alikuwa ameondoka. Chai hakunywa. Kibuyu chake alikiacha.

Jumatatu tulipanda pikipiki yangu mpaka Kikatiti, tukaacha lami, tukapanda juu kwa mama yake Diana. Huyo watu humwita Mama Gadiel, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alituongoza kwenye chemchemi akitembea mbele na fimbo, akisimulia jinsi maji yanavyofika sasa mpaka shuleni, na jinsi wanawake wameacha kubeba ndoo. Mahali palipokuwa na dimbwi na matope meusi, palikuwa na sanduku la zege na bomba. Kandokando wamemwaga kokoto. Diana alichota maji ya bomba, akakwangua ukungu kwenye zege, akapiga magoti kwenye kokoto akitafuta udongo wa zamani. Hakukuwa na udongo.

"Wakiona ukame huwa wanajifunga," aliniambia tukiwa tumekaa ukingoni. "Wanajikunja ndani ya ganda, kama mbegu, wanasubiri. Wanaweza kusubiri muda mrefu sana. Wangejifunga siku ile, wangeponea ndani ya ganda."

"Kwa nini hawakujifunga?"

"Kwa sababu yangu. Kwangu hakuna ukame. Kila siku chakula, kila siku maji. Vizazi na vizazi. Wamesahau." Alijaribu kutabasamu. "Niliwadekeza."

Nikamshika mkono wenye matope, tukakaa hivyo mpaka Mama Gadiel alipotuita tukale ndizi.

Kwenye maji ya bomba na ule ukungu hakukuwa na mwenyeji. Viumbe wengine walikuwemo, wa kawaida, wanaopatikana hata kwenye ndoo ya mvua. Wiki nzima Diana alikwenda kazini na kurudi, akapika, akaniuliza habari za mageti. Chakula alikuwa anakizungusha tu sahanini. Nilimpigia simu Yeyo, hakupokea. Nikampigia jirani yake pale Olasiti. Akaniambia mama ametoka, ameaga kwamba anakwenda kwa wakwe. Nikashangaa. Kwa wakwe wapi, na sisi tuko hapa?

Jumamosi asubuhi mtu akagonga geti. Nilifungua nikamkuta Mama Gadiel, amevaa kitenge cha harusini, uso ameukaza kama amekuja kwenye mashauri. Nyuma yake, hatua chache, alisimama Yeyo. Alikuwa amekumbatia kitu kirefu kilichofunikwa kwa shuka. Nikamwambia karibu, Yeyo, ingia. Hakusogea.

"Mwite mwanangu," Mama Gadiel alisema. "Wewe kaa pembeni."

Diana akatoka na povu la sabuni mikononi. Mama yake akamwambia, "Huyu mama alikuja kwangu Alhamisi, kapanda mlima kwa miguu. Akaniuliza, kwenu Wameru mtu akimkosea mwenzake anaombaje? Nikamwambia. Akasema, nipe, nami nitamwomba hivyo. Nimemleta."

Yeyo akafunua shuka. Lilikuwa isale, mti mwembamba wenye majani marefu ambao Wameru na Wachaga hupanda kwenye mipaka. Ukilipeleka kwa uliyemkosea, halikataliwi, hata kosa liwe la damu. Kwa kawaida hupelekwa jani, limefungwa fundo. Yeyo alikuwa amebeba shina zima, na mizizi yake.

"Jani linanyauka," alisema, macho chini. "Nikasema nilete linaloota. Mimi si Mmeru, sijui maneno yenu yanasemwaje. Niliwaua ng'ombe zako kwa mkono wangu. Nakuomba."

Mama yangu hajawahi kumwomba mtu mdogo kwake. Nilitazama pembeni.

"Yeyo," Diana alisema, "mimi sikukukasirikia."

"Kama hukunikasirikia, mbona umekonda?"

Hapo Diana akalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Akalipokea isale kwa mikono miwili, na Yeyo akamshika mabega, wakasimama getini hivyo huku mwenye genge ng'ambo ya barabara akijifanya anapanga nyanya.

"Tulipande," Diana alisema mwishowe, akijifuta. "Lekishon, lete jembe." Akapitisha mkono kwenye shina, ukashuka hadi mizizini, ukasimama.

Mizizi ilikuwa imeshikamana na bonge la udongo mweusi, mkavu kama tofali.

"Mama," alimwita mama yake, bila kuinua macho. "Isale hili mmeling'oa wapi?"

"Hatukung'oa. Ni moja ya masale ya chemchemi. Vijana wa mradi waliyang'oa wakayatupa juu ya mawe siku walipoanza kuchimba. Isale si la kutupwa, nikayaokota, nikayaegesha ghalani. Hayafi upesi yale."

"Na hayajaguswa na maji?"

"Ghalani maji yatoke wapi?"

Diana akamgeukia Yeyo, taratibu sana. "Yeyo. Hukuiosha mizizi?"

Yeyo akarudi nyuma hatua moja, mikono juu. "Sikuosha! Niliona aibu kuleta uchafu kwa mkwe, nikataka kuosha, lakini nikaogopa. Kitu chako mimi sioshi tena mpaka nife!"

Mama Gadiel ndiye aliyeanza kucheka. Diana alikuwa akicheka na kulia pamoja, amekumbatia lile bonge kifuani, blauzi nyeupe imejaa udongo. "Usilete jembe," aliniambia. "Lete sahani. Sahani safi. Isiyofukizwa."

Alichemsha maji na majani makavu, akayaacha yapoe kabisa. Akamega udongo kidogo kidogo kwenye vichupa, akaumwagia yale maji, akatia punje ya mchele kila kimoja. Isale lenyewe tulilipanda karibu na geti. Udongo uliobaki aliufunga kwenye karatasi akauweka juu ya kabati, mbali na watu wenye moyo mwema.

Mama Gadiel akarudi kwake. Yeyo hakuondoka. Alilala chumba cha wageni, na kila asubuhi nilimkuta ameketi mbele ya kabati, mikono ameifungia ndani ya shuka isije ikamponyoka. "Bado?" aliuliza. "Bado," Diana alijibu. Viumbe wengine wa udongo waliamka kwanza, wa haraka haraka, wakajaa. Diana aliwapita akitafuta. Siku zikaenda. Nilianza kuandaa moyo wangu, maana yeye hakuwa ameuandaa wake.

Kisha asubuhi moja aliinama kwenye hadubini na hakuinuka. Nilikuwa navaa viatu. Nikakaa na kiatu kimoja.

"Kuna mmoja anatembea," alisema.

"Ndiye?" Yeyo aliruka.

"Sijui. Anafanana. Wapo ndugu zao wanaofanana nao sana. Mpaka nimsome." Alizungusha skrubu ya hadubini, akainama tena. "Msishangilie."

Tukaacha kushangilia. Alimtenga yule mmoja kwenye chombo chake peke yake, akamlisha. Wakawa wawili, wakawa wanne, wakawa ukoo. Maabara ilikuwa imefunguliwa. Akapeleka wachache, akawapasua, akasoma kipande cha jenomu yao alinganishe na ile aliyokuwa nayo. Yeyo alitaka kujua kwa nini kusoma kunachukua muda mrefu hivyo na mkwe wake amesoma shule zote. Nikamwambia maandishi ni madogo.

Siku ya jibu Diana alirudi kabla ya jua kuzama. Niliposikia geti (linafunga vizuri, Sefu aje aone) nilitoka, nikamtazama usoni, sikuelewa kitu. Alinipita. Akaenda moja kwa moja kwa Yeyo, akamshika mkono, akamvuta mpaka mezani. Akaweka tone chini ya hadubini, akamkalisha.

"Funga jicho moja, Yeyo. Usibonyeze. Unaona nini?"

"Naona kope zangu."

"Rudi nyuma kidogo."

Yeyo akarudi nyuma kidogo. Akatulia. Kinywa chake kikafunguka. "Yuko mmoja, ana miguu chini yake. Anakwenda, anasimama, ananusa. Anakwenda tena. Kama ndama aliyefunguliwa kamba."

"Ndio wenyewe," Diana alisema. "Herufi kwa herufi. Ni wenyeji wangu, Yeyo. Umenirudishia."

Yeyo aliinua uso, macho yamejaa maji, akalitazama lile kundi jipya ndani ya chupa iliyokuwa wazi mezani. Najua mama yangu. Nilimwona akivuta pumzi, nikaona midomo inakutana, na nikajua anataka kuwabariki kwa mate.

Diana naye alimjua. Aliufunika mdomo wa chupa kwa kiganja, haraka kama anayezima mshumaa. Kisha, mkono ukiwa bado juu ya chupa, akapiga magoti sakafuni na kuinamisha kichwa chake mbele ya Yeyo.

"Wabariki hapa," alisema. "Mimi nitawafikishia."